Linki haifungui programu kwenye Linux: paketi ya kawaida, Snap, Flatpak au AppImage, ipi inakupa amani?

Umebonyeza linki ya kuingia kwenye mkutano, brausa imekuuliza kama ifungue programu, ukakubali, afu kimya. Hamna eraa, hamna dirisha, hamna kitu. Unabonyeza tena, kimya tena, mwisho unajiunga kupitia brausa hiyo hiyo huku umenuna na mkutano umeshaanza. Kama uko Linux na hii haijawahi kukukuta basi una bahati yako.

Wengi tukifika hapo kitu cha kwanza ni kuiondoa programu na kuiinstoli upya, na mimi nilikuwa hivyo hivyo miaka. Ila baada ya kuzunguka na hili tatizo kwenye mashine kadhaa nimeshaelewa kwamba programu inayotakiwa kufunguka mara nyingi haina kosa lolote. Ni sawa na kumlaumu aliyebishiwa hodi wakati mbisha hodi mwenyewe kafungiwa chumbani. Mbisha hodi ni brausa, na chumba chake ni jinsi ulivyoiinstoli. Kwa hiyo hapa nalinganisha njia nne za kuinstoli vitu: paketi ya kawaida ya distro yako (Ubuntu, Fedora na wenzao), Snap na Flatpak ambazo zinaifungia programu kwenye chumba chake, na AppImage ambayo ni faili moja la kudaunlodi na kuendesha. Nalinganisha kwanza kwa upande wa brausa, afu kwa upande wa programu, na nazipima kwa swali moja tu: linki ikibonyezwa, programu inafunguka au haifunguki. Kasi na ukubwa kwenye diski sigusi, hayo yana wenyewe na wanabishana kila siku.

Hodi inapita wapi

Linki za namna hii hazianzi na https, zinaanza na neno lake: tg ya Telegram, zoommtg ya Zoom, vscode, steam, magnet ya torenti, na mzee wao mailto. Hilo neno la mbele ndo skimu. Brausa ikikutana na skimu isiyo yake inaikabidhi kwa mfumo, na mfumo unatafuta nani kajiandikisha kuipokea. Kujiandikisha kwenyewe ni mstari mmoja ndani ya faili la .desktop la hiyo programu:

`MimeType=x-scheme-handler/tg;`

Ndani ya faili hilo hilo kuna mstari wa Exec unaosema komandi gani iitwe, na huo mstari lazima uwe na %u au %U kwa sababu hapo ndo linki inapachikwa. Kama %u haipo, programu itafunguka vizuri tu ila itakaa kwenye ukurasa wake wa mwanzo kama vile hujabonyeza kitu. Hii ikikutokea usihangaike na brausa hata dakika moja, nenda kaangalie Exec.

Haya mafaili yanakaa /usr/share/applications, ya kwako binafsi ~/.local/share/applications, na wenzetu wa FreeBSD wanayakuta /usr/local/share/applications lakini mengine yote yanafanana maana vifaa vya xdg-utils ni vile vile. Chaguo lako la nani apokee linaandikwa ~/.config/mimeapps.list. Anayeunganisha vyote ni xdg-open, ambayo jina lake linatisha kidogo ila ukiifungua ni skripti ya shell, inaangalia uko desktopu gani kupitia XDG_CURRENT_DESKTOP afu inamwachia mwenye nyumba: kwa GNOME inaita gio open, kwa KDE kde-open, kwa Xfce exo-open, na usipokuwa na desktopu yoyote kamili inatafuta yenyewe.

Kabla hujaendelea kusoma fanya hili jaribio, ni nusu dakika na ndo litakuambia tatizo lako liko sehemu gani ya haya maelezo:

`xdg-mime query default x-scheme-handler/tg`
`xdg-open 'tg://resolve?domain=telegram'`

Weka hizo alama za kunukuu, usizidharau. Linki nyingi zina & katikati, na shell, yaani kile kinachosoma komandi zako kwenye terminali, ikiiona & bila alama inaikata linki hapo hapo na kuipeleka komandi nyuma, afu unakaa unalaumu Zoom kwamba haioni nambari ya mkutano kumbe nusu ya linki haijafika.

Sasa, kama kwenye terminali programu imefunguka lakini kwenye brausa haifunguki, tatizo ni brausa. Kama hata kwenye terminali hamna kitu, tatizo ni programu au uandikishaji wake. Ukitaka kuona xdg-open inafikiria nini weka XDG_UTILS_DEBUG_LEVEL=2 mbele ya hiyo komandi, itakutajia inachoita.

Upande wa brausa, hapa ndo penye mambo

Brausa ya paketi ya kawaida, yaani deb, rpm au ile tarball unayoifungua mwenyewe kwenye folda, inaona mfumo wako wote kama wewe unavyouona. Hodi inakwenda moja kwa moja. Chrome na ndugu zake wanaita xdg-open tu, na hii ndo sababu kwa muda mrefu watu wamekuwa wakiona kile kidirisha cha ajabu kinachouliza kama wafungue "xdg-open" badala ya kutaja Zoom au Telegram. Brausa haimjui mpokeaji, inamjua tarishi. Na ndo maana ukikubali panaweza kuwa kimya: Chrome imeshamaliza kazi yake, imemkabidhi tarishi, yaliyompata tarishi njiani hayaihusu.

Firefox iko tofauti kidogo, yenyewe inauliza mfumo kuna nani, inakuletea orodha uchague, afu inakumbuka. Uzuri ni kwamba unaona jina la programu kabla hujakubali. Ubaya ni hiyo kumbukumbu. Ukichagua vibaya siku moja ukaweka alama ya kukumbuka, itaendelea kupeleka huko huko hata ukibadilisha kila kitu kwenye mfumo, kwa sababu imeandika kwenye faili lake lenyewe linaloitwa handlers.json ndani ya profaili. Dawa ni kwenda Mipangilio, sehemu ya Jumla, shuka mpaka Programu, tafuta skimu yako uirudishe kwenye kuuliza kila mara. Ikigoma, funga Firefox kabisa, liondoe handlers.json, fungua tena. Utapoteza machaguo ya aina hiyo tu, alamisho na nywila hazihusiki.

Kuna kituko kingine hapa: mtu anaiweka Firefox yenyewe kuwa mpokeaji wa skimu ambayo Firefox haiijui. Linki inatoka Firefox, inakwenda kwa mfumo, mfumo unairudisha Firefox, Firefox inaipeleka tena kwa mfumo, na vichupo vinaanza kufunguka vyenyewe mpaka mashine inapiga kelele. Ukiona hivyo zima haraka, kaangalie mimeapps.list.

Brausa ya Snap. Wengi hawajui kama wanayo. Ubuntu iliihamishia Chromium kwenye Snap tangu 19.10, na kuanzia 21.10 Firefox nayo inakuja kwa Snap, na tangu 22.04 hata ukiandika apt install firefox kwenye Ubuntu unaletewa Snap hiyo hiyo kwa mlango wa nyuma. Andika snap list ujue uko wapi. Kwa Snap, brausa haiwezi kuita programu iliyo nje ya chumba chake, inamwomba snapd, yule msimamizi wa Snap anayekaa nyuma, aiitie. Zamani snapd alikuwa na orodha fupi ya skimu alizozikubali, http, mailto na wenzake wachache, na skimu yako isipokuwemo jibu lilikuwa haikubaliki, ila jibu lenyewe lilikuwa linaishia kwenye logi, mtumiaji haoni kitu. Matoleo ya baadaye yamelegeza, kwa hiyo ukiwa umeapdeti snapd nyingi zinapita. Ila zikigoma unakuwa na sehemu moja zaidi ya kuchunguza. Fungua terminali, weka

`journalctl --user -f`

afu ubonyeze linki ukiwa unaangalia. Mara nyingi jibu linaandikwa hapo hapo wakati brausa imekukazia macho tu.

Brausa ya Flatpak nayo iko chumbani, ila mlango wake ni mwingine: xdg-desktop-portal, huduma inayopokea maombi ya programu zilizofungiwa. Brausa inaomba portali, portali inakuonyesha kidirisha cha kuchagua programu, ukichagua portali ndo inaita. Kwenye GNOME na KDE kamili hii inafanya kazi vizuri, kuliko hata watu wanavyoisema, kero ni kubonyeza mara mbili badala ya moja. Shida inaanza kwa sisi wa Sway, Hyprland, i3 na ndugu zao, wanaopanga madirisha tu bila desktopu kamili, watu wa kujijengea nyumba wenyewe. Portali ina mwili wa mbele na mikono ya nyuma, na mikono inatofautiana. Mkono wa xdg-desktop-portal-wlr unajua kupiga picha ya skrini na kurusha skrini, basi, kidirisha cha kuchagua programu haujui. Kwa hiyo ukiwa na wlr peke yake, linki inafika portalini, portali inageuka kutafuta mwenye kuonyesha kidirisha, hayupo, habari inaishia hapo. Unatakiwa uongeze xdg-desktop-portal-gtk pembeni, na tangu portali toleo 1.17 inabidi pia uiambie nani afanye nini kwenye ~/.config/xdg-desktop-portal/portals.conf, mfano:

`[preferred]`
`default=gtk`
`org.freedesktop.impl.portal.ScreenCast=wlr`
`org.freedesktop.impl.portal.Screenshot=wlr`

Na bado usipomweleza D-Bus (njia ya programu kuzungumziana) na systemd (anayewasha huduma) kwamba uko kwenye Wayland gani, yaani mfumo wa kuchora madirisha, portali inaanza ikiwa kipofu. Kwenye konfigi ya Sway huu mstari hautakiwi kukosa:

`exec dbus-update-activation-environment --systemd WAYLAND_DISPLAY XDG_CURRENT_DESKTOP=sway`

Portali nayo ina kumbukumbu yake, na haiko kwenye mimeapps.list wala kwenye brausa. Hii inawachanganya watu sana, unabadilisha mpokeaji kila mahali na bado linki inakwenda kwa yule wa zamani. Iangalie kwa flatpak permissions desktop-used-apps, na uifute kwa flatpak permission-remove desktop-used-apps x-scheme-handler/tg, ukiweka skimu yako badala ya tg.

Ukiniuliza kati ya Snap na Flatpak kwa brausa nitasema kwenye GNOME au KDE hazipishani sana kwa hili jambo, ila zote mbili ziko nyuma ya paketi ya kawaida, na pengo linakuwa kubwa zaidi kama unatumia kitu kinachohitaji nyongeza ya brausa kuongea na programu ya nje. Namaanisha mambo kama KeePassXC kujaza nywila, au ile ya kuinstoli nyongeza za GNOME Shell moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa. Hizo hazitumii skimu kabisa, zinatumia kifaili cha JSON kinachoiambia brausa iwashe programu fulani na kuongea nayo kimya kimya. Kwa Firefox ya kawaida kinakaa ~/.mozilla/native-messaging-hosts, kwa Chrome ~/.config/google-chrome/NativeMessagingHosts. Brausa iliyofungiwa chumbani haiwezi kuwasha programu ya nje hivi hivi tu. Zipo njia za kuzunguka, Firefox ya Snap ya Ubuntu ilitengenezewa portali maalumu kwa ajili hiyo, na kwa Flatpak watu wanapachika skripti za kupenya, lakini kama nywila zako zote ziko kwenye KeePassXC na unazitumia siku nzima mimi sioni sababu ya kujitesa. Chukua brausa ya kawaida. Walio Ubuntu wanaweza kuiongeza hazina ya apt ya Mozilla wenyewe wapate Firefox ya deb, Debian na Fedora wanayo ya kawaida tayari, Mint vilevile.

Upande wa programu inayofunguliwa

Huku ni kwepesi zaidi, na mshindi atawashangaza baadhi.

Paketi ya kawaida haina maneno. Ukiiinstoli faili la .desktop linawekwa mahali pake, mfumo unaendesha update-desktop-database wenyewe, skimu imeandikishwa, mchezo umekwisha.

Programu ya Flatpak kwa upande wa kupokea hodi iko vizuri karibu sawa na hiyo. Kuwa chumbani kunamzuia mtu kutoka, hakuzuii kubishiwa hodi, na hili watu wanalichanganya sana. Flatpak inatoa nakala ya .desktop na kuiweka /var/lib/flatpak/exports/share/applications, au ~/.local/share/flatpak/exports/share/applications ukiinstoli kwa mtumiaji mmoja. Sharti ni kwamba hizo njia ziwemo kwenye XDG_DATA_DIRS, orodha ya folda ambamo mfumo unatafuta mafaili haya. Kama ndo umeweka Flatpak leo kwa mara ya kwanza na linki haifunguki, toka kwenye akaunti yako uingie tena kabla hujafanya kitu kingine chochote, nusu ya kesi za siku ya kwanza zinaishia hapo. Kwa walio kwenye Sway na wenzake, hasa mkianzisha kutoka kwenye konsoli, hakikisheni hiyo orodha ya XDG_DATA_DIRS imepakiwa kweli, echo ipo, itumieni.

Ukilifungua hilo faili utaona Exec yake ni ndefu na mwishoni kuna kitu kama @@u %u @@. Hizo @@ si uchafu, usizisafishe. Ndo zinamwambia flatpak run kwamba hapa katikati kuna anwani ya kupitisha ndani.

Programu ya Snap hapa haina kubwa la kusema, faili lake linakuwa /var/lib/snapd/desktop/applications na masharti ya XDG_DATA_DIRS ni yale yale.

AppImage ndo mtoto mtundu. Naipenda kwa mambo mengine, unadaunlodi faili moja, unaliwekea ruhusa ya kuendeshwa, linafanya kazi. Lakini kwa linki za kwenye brausa ni ya mwisho katika haya manne na sababu iko wazi: haiinstoliwi. Faili la .desktop lipo, ila liko ndani ya tumbo la AppImage, mfumo haulioni, kwa hiyo hakuna aliyejiandikisha. Baadhi ya programu zinajiandikisha zenyewe zikiwashwa mara ya kwanza, na zinaandika njia ya faili lilipokuwa wakati huo. Ukilihamisha kutoka folda ya vipakuliwa, au ukadaunlodi toleo jipya lenye namba tofauti kwenye jina, anwani imekufa. Kuna AppImageLauncher na Gear Lever za kukuandikishia, na zinasaidia, ila ukitaka kwa mkono ni hivi, tuseme skimu ni mkutano:

`[Desktop Entry]`
`Type=Application`
`Name=Mkutano`
`Exec=/home/jina/Programu/mkutano.AppImage %u`
`MimeType=x-scheme-handler/mkutano;`

Lihifadhi ~/.local/share/applications/mkutano.desktop, afu

`update-desktop-database ~/.local/share/applications`
`xdg-mime default mkutano.desktop x-scheme-handler/mkutano`

Andika njia kamili kwenye Exec, ile ~ haifanyi kazi humo kwa sababu hakuna shell ya kuitafsiri. Na jina la faili libaki mkutano.AppImage bila namba ya toleo, ukipata jipya unaliandika juu ya la zamani na anwani haibadiliki.

Ongeza na haya mawili ya AppImage: nyingi zinahitaji libfuse2, maktaba ya FUSE inayozifungua kama diski, na Ubuntu tangu 22.04 haiji nayo (kwenye 24.04 paketi inaitwa libfuse2t64). Na hiyo 24.04 imebana pia namna programu zisizo na ruhusa zinavyojitengenezea sandboksi, kwa hiyo baadhi ya AppImage za Electron, yaani programu zilizojengwa juu ya injini ya Chrome, zinakufa zikiwashwa. Ukiwasha kutoka terminali unaiona eraa. Ukiwasha kwa linki huoni chochote.

Kesi yangu ya siku mbili

Nilikuwa na programu moja ya mikutano, niliianza kwa AppImage. Baadaye nikaapdeti mfumo, nikaamua kuhamia Flatpak, nikaiinstoli, nikaifungua kwenye menyu, safi kabisa, sauti safi, kamera safi. Siku ya mkutano nabonyeza linki: kimya. Naingia kwa kuandika nambari ya mkutano kwa mkono, inakubali. Kesho yake tena kimya.

Nikafanya kila kitu ambacho nimewaambia msifanye. Nikaiondoa nikairudisha, nikabadilisha brausa, nikazima nikawasha. Jioni ya pili ndo nikakumbuka kufanya lile jaribio la nusu dakika, xdg-mime query default, ikanirudishia jina linaloanza na userapp. Mafaili ya userapp yanatengenezwa pale unapochagua programu kwa mkono kwenye kile kidirisha cha kuchagua nyingine, nilishafanya hivyo zamani sijui lini. Nikalifungua, Exec inaelekea kwenye AppImage ya zamani kwenye folda ya vipakuliwa, na faili lenyewe bado lilikuwepo! Sikuwahi kulifuta. Kwa hiyo kila nikibonyeza linki mfumo ulikuwa unatii vizuri kabisa, unaiita ile ya zamani, na ile ya zamani baada ya kuapdeti mfumo ilikuwa imekosa FUSE, inakufa kabla haijachora hata dirisha. Nilipoiwasha terminali ikasema yenyewe:

`dlopen(): error loading libfuse.so.2`

Nikafuta AppImage, nikafuta faili la userapp, nikafuta mstari wake kwenye mimeapps.list. Linki ikafungua Flatpak pale pale. Brausa, programu, mfumo, wote walikuwa hawana hatia.

Ndo maana nasisitiza, programu moja iwe na nakala moja. Ukiwa na deb na Flatpak ya kitu kimoja, linki itakwenda kwa mmoja wao na si lazima yule unayemtaka. Inauma zaidi kwenye zile programu zinazokutoa nje ukaingie kwenye akaunti kupitia brausa afu zinakurudisha ndani kwa linki: tokeni ya kuingia inapelekwa kwa nakala nyingine, na wewe uliyeko mbele ya nakala ya kwanza unabaki unaangalia mduara unazunguka.

Kabla hujasema haifunguki

Angalia kama haijafunguka nyuma. Kwenye Wayland programu haijiamulii kuja mbele, lazima ipewe tokeni na aliyeiita, na njiani ikipitia skripti mbili tatu tokeni inapotea. GNOME itakuonyesha kitaarifa kidogo kwamba iko tayari na hapo hapo kinapotea. Bonyeza Alt na Tab kwanza, kabla hujaanza kufuta vitu.

Na kwa wale wa mifumo ya kazini ya zamani inayokupa faili la .jnlp, hiyo si skimu, ni aina ya faili, na Java Web Start yenyewe iliondolewa kwenye Java 11 mwaka 2018. Kuinstoli Java mpya hakutasaidia hata ukirudia mara kumi. Weka OpenWebStart au IcedTea-Web, afu iwe mpokeaji wa application/x-java-jnlp-file kwa komandi ile ile ya xdg-mime default.

Sasa uchague nini

Ukiwa mtu wa mikutano na chati, uko GNOME au KDE, hutaki kugusa terminali: brausa ya kawaida, programu za Flatpak. Huu mchanganyiko ndo umenisumbua kidogo kuliko wote, brausa iko huru kubisha hodi na programu zinaapdetiwa zenyewe bila kubadilisha anwani. Ukilazimika kubaki na brausa ya Snap kwa sababu mashine si yako, usipigane nayo, apdeti snapd, na skimu inayogoma itumie kupitia toleo la kwenye ukurasa wa wavuti.

Ukiwa Sway, i3 au Hyprland, vyote viwili viwe paketi za kawaida kama zipo kwenye distro yako, na brausa ya Flatpak iache mpaka siku utakayokuwa na mchana mzima wa kuikalia portali. Mwenye distro isiyobadilishika kama Silverblue kule Firefox inakuja kwenye mfumo wenyewe, ibaki hapo hapo, mengine Flatpak kama kawaida.

AppImage kwa programu ya linki, mimi naikubali pale tu ambapo mtengenezaji hatoi kitu kingine. Nimebaki nayo moja, iko kwenye folda yake, jina halina namba, na .desktop yake nimeiandika mwenyewe.